Nimeanguka kazini nikideki ngazi, wanataka nisaini kwamba nimeangukia nyumbani

Shikamoo anti, mbukwa huko uliko.

Mi ni mama wa watoto wawili naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nafanya usafi kwenye ofisi moja mjini ila sijaajiriwa na hiyo ofisi, nipo chini ya kampuni ya usafi iliyochukua tenda pale. Huu mwaka wa pili. Mkataba wa kuandikwa sijawahi kupewa, tulipoanza tulijaza fomu tukapeleka picha za pasipoti na kopi ya kitambulisho cha NIDA basi, mshahara laki mbili unaingia kwenye simu, ukichelewa unachelewa hakuna wa kumuuliza.

Jengo letu lina ghorofa tatu na maji mara nyingi hayapandi juu kwahiyo tunachota chini kwenye simtanki tunapanda na ndoo. Siku hiyo ilikuwa asubuhi saa kumi na mbili na kitu, tunatakiwa tuwe tumemaliza kabla wenye ofisi hawajaingia, nilikuwa nadeki ngazi nashuka kinyumenyume ndoo ipo pembeni yangu, nimevaa yeboyebo zangu mwenyewe maana buti tumeahidiwa toka mwaka jana mpaka leo hazijaja. Mguu ukateleza kwenye ile tailizi nikaporomoka ngazi kama nne tano hivi, ndoo nayo ikaja juu yangu, nikajikinga na mkono wa kulia nikasikia tu mlio. Mlinzi wa getini ndo alikuja kuniinua.

Supavaiza wetu ni shemeji yangu, mtoto wa baba mkubwa wa mume wangu, yeye ndo aliniunganishia hii kazi. Alinichukua na bajaji mpaka hospitali, njiani akaniambia shem ukifika pale sema umeteleza bafuni nyumbani, ukisema kazini wataanza maswali mengi hutahudumiwa haraka. Mi kwa yale maumivu nikasema hivyohivyo na daktari akaandika hivyohivyo. Eksirei ikaonyesha mfupa umevunjika pale karibu na kifundo cha mkono nikafungwa hogo.

Kampuni walinipa elfu hamsini ya pole. Zilizobaki nimekopa kikoba na mume wangu ni bodaboda pale Nanenane unajua mwenyewe hali. Mshahara wa mwezi ule nilipewa nusu, mwezi uliofuata sikupewa kitu. Hogo limeshatolewa ila vidole havikunji vizuri, kumuogesha mdogo siwezi, kukamua nguo siwezi, sembuse dekio.

Sasa juzi shemeji kaja nyumbani na karatasi imechapwa kabisa, inasema mimi nakiri kuwa niliumia nikiwa nyumbani kwangu na sina madai yoyote kwa kampuni. Nikisaini napewa laki moja na nusu na wataangalia namna ya kunirudisha, nisiposaini nafasi yangu anapewa mtu mwingine. Kasema Ijumaa anaifuata. Pia kasema bosi amesema kwanza ule ulikuwa uzembe wangu sikuangalia ninapokanyaga, kwahiyo hata hiyo hela ni huruma tu. Mama mkwe ananiambia saini, yule ni ndugu, usije ukamfukuzisha kazi mtoto wa watu kwa mkono ambao utapona. Mume wangu yupo kimya.

Anti nina haki yoyote hapa? Na ule uongo niliosema hospitali si ndo nimeshajiharibia? Na wenzangu bado wanadeki zile ngazi na yeboyebo hivyohivyo, mmoja ni mjamzito, naogopa.

Mama wawili, Nkuhungu


Marahaba mwanangu, mbukwa, na pole sana. Nimesoma barua yako usiku nikairudia tena asubuhi kwasababu ya hiyo Ijumaa.

Usisaini. Nianze na hilo hata kama utaishia kusoma hapa. Hiyo karatasi hawajaichapa kwa ajili ya kumbukumbu tu, imeandikwa sentensi mbili na zote mbili zinakata, ya kwanza inasema hukuumia kazini na ya pili inasema huna madai, ukiweka sahihi pale chini umewapa kwa mkono wako kitu ambacho wao wenyewe hawana mpaka sasa. Laki na nusu inaisha kabla ya mwezi, kikoba peke yake kitaimeza, afu mkono usipokaa sawa utabaki nao wewe na watoto wako. Na hiyo "tutaangalia namna ya kukurudisha" haijaandikwa popote kwenye hiyo karatasi, iangalie tena uone, ahadi yao ni ya mdomo ila yako wanaitaka kwa maandishi.

Shemeji akija Ijumaa mpokee vizuri, mpe maji, mwambie shem hii karatasi siwezi kuisaini kwasababu haisemi ukweli, basi. Usibishane. Akikuachia kopi ipokee, ipige picha na simu, itunze, maana yenyewe ni ushahidi kwamba kuna mtu alitaka useme umeangukia nyumbani.

Haya, hili la uzembe. Limeniuma zaidi kuliko yote kwasababu naona na wewe umeanza kuliamini. Sikiliza, Tanzania Bara kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na chini yake kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mfuko wenyewe ulianza kazi 2015. Mfuko huu haumuulizi mfanyakazi kosa lilikuwa la nani ndo umlipe. Unaangalia je ulikuwa mfanyakazi, je uliumia ukiwa kwenye kazi yako na kwasababu ya kazi yako. Kuteleza, kutoangalia, haraka, hayo ndiyo maana yenyewe ya ajali, kama kila aliyeteleza angeambiwa mzembe mfuko usingekuwa na mtu wa kumlipa. Ingekuwa ulikuja umelewa au ulifanya makusudi hapo ningekwambia neno lingine. Ila wewe ulikuwa unadeki ngazi saa kumi na mbili asubuhi, ndoo ya maji pembeni, miguuni yeboyebo kwasababu buti hawakuleta. Kama kuna uzembe hapo wautafute kwenye stoo yao.

Na ujue kitu hiki kwasababu watu wengi wa usafi hawakijui, wanaona makato ya NSSF kwenye mshahara wanadhani ndo hayohayo. Siyo. NSSF ni akiba yako ya uzeeni na mafao yake mengine, pale unakatwa na mwajiri anaongezea. WCF mfanyakazi hakatwi hata shilingi, anachangia mwajiri peke yake na kiwango ni asilimia 0.5 ya mshahara. Kwa mshahara wako wa laki mbili ni shilingi elfu moja kwa mwezi. Elfu moja mwanangu, haifiki hata nauli zako za daladala za siku mbili. Kama kampuni yako inapeleka hiyo elfu moja basi matibabu yako na fidia yako havitoki mfukoni kwa bosi, vinatoka kwenye mfuko, na hakuna sababu ya maana ya kukuficha. Sasa ukiona mtu anahangaika hivi kuficha mimi nahisi moja kati ya mawili, ama hawajajisajili huko au hawapeleki michango, ama wanaogopa mwenye ofisi akisikia mtu kavunjika kwenye ngazi zake tenda itaingia maswali. Yote mawili ni matatizo ya kampuni, sio yako. Kutojisajili ni kosa kisheria na hiyo ni kesi yao wao na mfuko, wewe peleka taarifa yako kama kawaida.

Unachostahili ukikubaliwa ni hiki. Gharama za matibabu ya hiyo ajali. Kwa kipindi ambacho daktari amesema huwezi kufanya kazi unalipwa asilimia 70 ya mshahara, kwako ni kama laki moja na elfu arobaini kwa mwezi, na inaweza kwenda mpaka miezi 24 kama hali inahitaji, ila ulemavu wa siku tatu au chini ya hapo haulipwi, wewe umeshavuka huko zamani. Afu matibabu yakifika mwisho kama mkono umebaki na kasoro daktari anapima ulemavu kwa asilimia, ikiwa 30 au chini unalipwa kwa mkupuo, ikizidi 30 ni pensheni ya kila mwezi. Weka hivyo vitu pembeni ya ile laki na nusu yao uone.

Utaratibu ni kwamba mfanyakazi anamwambia mwajiri, kwa mdomo au kwa maandishi, na mwajiri akishajua ana siku saba kupeleka taarifa mfuko. Wewe ulishatoa taarifa, supavaiza ndo alikupeleka hospitali, hawezi kusema hakujua. Wao siku saba zimeshapita hawajafanya, kwahiyo usiendelee kuwasubiri, nenda mwenyewe ofisi za WCF hapahapa Dodoma uwaeleze kila kitu. Madai yanatakiwa yawe yamefika ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Bado una muda ila usiuchezee, maana kinachoondoka haraka ni ushahidi.

Nakuja sasa kwenye uongo wa hospitali, na hapa nataka utulie usome taratibu.

Haujajiharibia, ila umejiongezea kazi. Faili lako pale linasema bafuni nyumbani na huyo atakayesoma madai yako ataliona. Kwahiyo rudi hospitali ileile, muone daktari aliyekuhudumia au yeyote atakayefungua faili lako, mwambie ukweli wote, kwamba uliumia kazini na msimamizi wako alikuambia useme nyumbani ukiwa kwenye maumivu. Muombe aandike maelezo mapya kwenye faili pamoja na tarehe ya siku hiyo unayoyatoa. Usimuombe afute ya zamani wala usimpe mtu hela akubadilishie karatasi, tena hilo nakukataza kabisa, kwasababu utakuwa umegeuza ukweli wako kuwa kesi ya kughushi. Acha ya zamani ibaki, ya kweli iongezwe chini yake, na sababu ya kutofautiana ielezwe. Wanaopitia haya madai sio watu wa jana, stori ya kuambiwa useme umeangukia nyumbani hawatakuwa wameisikia kwako kwa mara ya kwanza.

Afu yakusanye yale yanayoonyesha siku ile asubuhi ulikuwa wapi. Mlinzi aliyekuinua ndo mtu wa kwanza, muombe akuandikie alichokiona, jina lake na namba yake ya simu na sahihi. Getini kuna daftari la walinzi, mara nyingi tukio kama mtu kuumia linaandikwa mle na saa yake, muombe akuonyeshe upige picha huo ukurasa, ikishindikana basi walau ujue kama limeandikwa. Kitabu cha mahudhurio chenu, kama mnasaini asubuhi. Kama kuna kamera pale kwenye ngazi au koridoni mwambie afisa utawala wa hiyo ofisi mapema kwa maandishi asiruhusu picha za siku ile zifutwe, kamera nyingi zinajifuta zenyewe baada ya muda kwahiyo labda zimeshaondoka ila kuuliza hakugharimu. Meseji zako na shemeji za siku ile na siku zilizofuata, usifute hata moja, hata zile za "pole shem unaendeleaje". Miamala ya mshahara kwenye simu, hiyo inaonyesha kabisa wewe ni mfanyakazi wao. Na risiti, eksirei, dawa, bajaji, hogo, kila kipande. Kama ulivitupa rudi hospitali uombe nakala za malipo.

Mkataba usikupe hofu. Kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na mkifika mbele ya vyombo akishindwa kuyaonyesha hayo maandishi yeye ndo anabeba mzigo wa kuthibitisha, sio wewe. Wengi wanaishia njiani kwa kusema mi sina mkataba nitaenda wapi, kumbe kukosa mkataba ni kosa la aliyetakiwa kuutoa.

Kuhusu kazi yenyewe. Mpaka sasa hujafukuzwa, umeambiwa tu kwa mdomo na mtu ambaye ni ndugu, na wao wanapenda ibaki hivyohivyo hewani ili baadae waseme uliacha kazi mwenyewe. Kwahiyo usiiache hewani. Andika barua fupi tu, kwa mkono wa kushoto hata ukiandikiwa na mtoto wa jirani wewe ukaweka dole gumba, sema jina lako, sehemu unayofanyia kazi, tarehe na saa uliyoanguka ukiwa unadeki ngazi, kwamba unaendelea na matibabu na unaomba kurudi kwenye kazi nyepesi daktari akikuruhusu, ambatanisha kopi ya karatasi ya daktari ya mapumziko. Peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri au wasaini kuipokea. Wakikataa kupokea ipige picha uwatumie kwa WhatsApp na utunze ile meseji ikiwa na tiki zake.

Mtu akishafanya kazi zaidi ya miezi sita hafukuzwi hivihivi, lazima kuwe na sababu halali na utaratibu wa haki, na kuumia ukiwa unawafanyia kazi wao haiwezi kuwa sababu nyepesi kiasi cha kumalizwa na shemeji sebuleni. Kuna pia likizo ya ugonjwa, siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu, kwa cheti cha daktari. Huwezi kulipwa ya likizo na ya mfuko kwa siku zilezile, lakini nakutajia ujue kwamba ule mwezi uliopata nusu na ule uliopata sifuri walitakiwa watolee maelezo, waulize walikulipa kwa hesabu gani. Kama unaogopa kwenda peke yako kuna afisa kazi, ofisi yake ipo hapahapa mkoani, kumuona ni bure, na kama pale kazini kuna hata wachache wenu walio kwenye chama cha wafanyakazi ongea na kiongozi wao akusindikize.

Sasa shemeji na mama mkwe. Hapa sikulaumu hata kidogo na wala mama mkwe simsemi vibaya, anaona familia yake inataka kupasuka. Ila mwambie mume wako atoke kwenye huo ukimya, huu mzigo sio wa kuubeba wewe peke yako kwasababu tu aliyekuletea karatasi ni ndugu upande wake, yeye ndo anafaa kukaa na ndugu yake wanaume wawili amwambie tunajua ulitumwa, hatugombani na wewe, lakini mke wangu hasaini uongo. Na mumwambie shemeji kitu kimoja ambacho pengine hajakifikiria, jina lake ndo litatokea kila mahali kwenye hii habari, yeye ndo alikuwa msimamizi, yeye ndo alikupeleka, yeye ndo kaja na karatasi, na siku maswali yakianza bosi ndo wa kwanza kusema sikumtuma. Akisimama upande wa ukweli sasa hivi, akaandika tu kwamba siku fulani saa fulani mfanyakazi wangu alianguka kwenye ngazi nikampeleka hospitali, amejiokoa na yeye. Kukutafutia kazi alikufanyia wema na wema huo usiusahau, lakini deni la shukrani haliwezi kulipwa kwa mkono wako wa kulia.

Mkono wenyewe nimeuacha nyuma na haikutakiwa. Hogo likitoka vidole kukaza ni kawaida kwa sababu vimelala muda mrefu, lakini havitalainika kwa kuvionea huruma. Rudi hospitali uombe kupelekwa kwa watu wa mazoezi tiba, wakufundishe, na nyumbani uviingize kwenye maji ya vuguvugu uvikunje na kuvikunjua taratibu mara nyingi kwa siku, ukamate sponji laini uiminye uiachie. Kukamua dekio ni mwendo wa mwisho kabisa kurudi kwa mtu aliyevunjika pale, kwasababu unaminya na kusokota kwa pamoja na ndo palepale mfupa ulipokatika, kwahiyo hata wakikuita urudi kesho usikubali kukamua mpaka daktari aseme. Na usipeleke mkono kuchuliwa kwa nguvu na mafuta, najua kuna mtu ameshakutajia mzee fulani wa mifupa. Ukiona vidole vinakufa ganzi, vinabadilika rangi, vinavimba na kung'aa au maumivu yanazidi badala ya kupungua usisubiri kliniki, nenda siku hiyohiyo.

Halafu wenzako. Asante kwa kuwakumbuka na hali uliyonayo.

Hizi tailizi za kung'aa zinazowekwa kwenye majengo mapya hapa mjini zikikauka zinateleza kwa vumbi na zikilowa zinateleza kwa maji, na kwa vumbi letu la Dodoma dekio la kwanza linatengeneza tope jembamba ambalo hata halionekani. Waambie wafagie kwanza vumbi lote ndo maji yaguse sakafu. Sabuni wasizidishe, najua mnaambiwa muweke nyingi ili pawe na povu na harufu, sabuni isiyosuuzwa inabaki juu ya tailizi kama utando na mtu wa pili kupita ndo anaanguka, wakati mwingine ni mwenye ofisi mwenyewe na kiatu chake cha soli ngumu. Ngazi zisidekiwe kwa kushuka kinyumenyume bila kushika reli wala kuangalia nyuma, hata siku moja. Mtu asimame ngazi ya chini uso ukiangalia juu, adeki ile ngazi iliyo mbele yake, ashuke moja akiwa ameshika reli kwa mkono mmoja, na aangalie pa kukanyaga kabla ya kushuka. Ndoo isikae kwenye ngazi, ikae kwenye ile sehemu tambarare ya kupumzikia, atembee na dekio tu hata kama anapoteza dakika. Ndoo ya lita ishirini mtu mmoja kupanda nayo ghorofa tatu ibebwe nusu, aende mara mbili, na huyo mjamzito asibebe kabisa na ngazi apewe mwingine, mjipangie wenyewe kabla hata supavaiza hajaamka. Koridoni wadeki upande mmoja kwanza waache upande wa pili mkavu wa watu kupita. Na madirisha ya juu mtu asipande kiti cha ofisi chenye magurudumu, nimeshaona hiyo kwa macho yangu na nilishindwa kukaa kimya.

Ila haya yote hayaondoi suala la viatu. Vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri, ipo kwenye Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na wanaoisimamia ni OSHA, ofisi yao ya Kanda ya Kati ipo hapahapa Dodoma. Kiatu kinachotakiwa ni cha soli ya mpira yenye meno, kinachofunga mguu, sio buti la mvua kubwa linalopwaya maana nalo linaangusha. Wenzako waandike barua moja ya pamoja kwa kampuni, nakala kwa afisa utawala wa ofisi mnayoisafisha, waseme viatu havipo, maji hayapandi juu, kuna mtu ameshavunjika mkono. Wengi wakisaini hakuna wa kumnyooshea kidole. Kisipofanyika kitu wapeleke OSHA, wao wana mamlaka ya kuja kukagua.

Wewe wiki hii fanya kwa mpangilio huu, kesho hospitali kuweka maelezo sawa na kuomba kopi za eksirei na risiti, kutoka hapo mlinzi, afu WCF na hivyo vyote kwenye bahasha moja. Barua ya kampuni ipelekwe kabla ya Ijumaa ili shemeji akija aikute imeshapokelewa. Na wakikuandikia barua yoyote ya kusitisha ajira, siku hiyohiyo unayoipokea andika tarehe juu yake kwa peni na uipige picha, kwasababu kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kulalamikia kufukuzwa isivyo haki una siku 30 tu na hesabu inaanza pale ajira ilipokatishwa. Kufungua shauri pale ni bure, fomu utapewa na wao. Usikae nayo ndani wiki mbili ukisubiri kikao cha familia.